UZI: Mkiandika ulimwengu mmoja watu wengi, nani anakumbuka daraja liko wapi?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kuna jambo linaloua hadithi za vikundi kila siku, na huwa halizungumzwi mpaka mambo yameshaharibika. Watu watano wanakubaliana kuandika juu ya mji mmoja wa kubuni. Kila mmoja anachukua mhusika wake na sura zake. Mwanzo moto unawaka kweli. Kisha mmoja anaandika kwamba daraja liko kaskazini mwa soko. Mwingine alishalibomoa daraja hilo kwa mafuriko sura mbili nyuma. Wa tatu anampitisha mhusika wake juu yake usiku wa manane, akiwa na punda wawili wenye mizigo. Msomaji makini anaona, anauliza. Waandishi wanaanza kupekua: nani alisema nini, sura ya ngapi? Kila mtu ana kumbukumbu yake na kila mtu ana uhakika. Hapo ndipo hamu ya kuandika inapoanza kupungua, kwa sababu hakuna anayependa kujenga juu ya ardhi inayohama.

Na tusidhani ni tatizo la wanaoandika kwa kujifunza. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, mtu mmoja mwenye kalamu moja, alimwambia msomaji mwaka 1887 kwamba Daktari Watson, rafiki wa Holmes, alipigwa risasi begani vitani. Riwaya iliyofuata, ya mwaka 1890, jeraha liko mguuni. Wasomaji wamelijadili jeraha hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Ikiwa kichwa kimoja kinapoteza risasi, vichwa vitano vitapoteza mji mzima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ulimwengu wa hadithi ni mali ya wote walioujenga. Kwa hiyo daftari liwepo, hilo naamini wengi tunakubaliana. Ninachotaka kukiweka mezani ni daftari la namna gani.

Vikundi vingi nilivyoviona huanza na daftari kubwa kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa hadithi. Historia ya miaka elfu tatu, koo ishirini, dini nne, orodha ya wafalme tangu kuumbwa kwa dunia. Linapendeza kulitazama. Lakini halisomwi na yeyote zaidi ya aliyeliandika, na anayejiunga baadaye anaona amekabidhiwa mtihani. Baya zaidi, linawafunga waandishi kwa mambo ambayo msomaji hajawahi kuambiwa. Mwandishi wa sura ya nne anakuja na wazo zuri la malkia aliyetoka ukoo wa wavuvi, anaambiwa haiwezekani, ukurasa wa 38 wa daftari unasema wavuvi hawakuwahi kutawala. Nani kausoma ukurasa wa 38? Msomaji haujui. Hadithi haiuhitaji. Wazo zuri limekufa bure.

Msimamo wangu ni kwamba daftari lifuate hadithi, lisiitangulie. Kinachoingia ni kile ambacho msomaji ameshaambiwa ndani ya sura iliyokamilika na kukubaliwa. Mengine yote ni mapendekezo, na mapendekezo yakae mahali pake tofauti, ambako mtu yeyote anaweza kuyabadilisha bila kuomba ruhusa.

Kila ingizo liwe na mambo matatu: jambo lenyewe, mahali lilipotajwa (sura na aya), na NANI amelisema. Hili la tatu ndilo linalosahaulika, na kwangu ndilo la thamani kuliko yote. Chukulia mji wenu unaitwa Kandawili, na sura ya sita Mwinyi anagombana na Bi Rehani mbele ya watu, anamwambia, "Wewe si uliwahi kufungwa?" Mtunza daftari mwenye haraka ataandika: *Bi Rehani, mfungwa wa zamani.* Miezi inapita. Mwandishi mwingine anafungua daftari, anakuta maneno hayo, anaandika sura nzima ya Bi Rehani akikumbuka maisha ya gerezani. Kumbe mwandishi wa sura ya sita alikusudia Mwinyi awe mzushi, na uzushi huo ndio ungekuja kuwa kiini cha kesi yao. Daftari limegeuza uongo wa mhusika kuwa ukweli wa ulimwengu.

Ingizo sahihi lingekuwa: *Sura ya 6, aya ya 11: Mwinyi anadai mbele ya watu kwamba Bi Rehani aliwahi kufungwa. Msimulizi hajathibitisha.* Ni maneno machache tu zaidi, lakini kesi imesalimika.

Karibuni tujadili. Nitajibu kadiri ninavyoweza.

---

Kalamu Nzito

Mleta uzi, nakuheshimu, ila hapa napinga kidogo. Hadithi za Sungura na Fisi zimesimuliwa na watu wasiohesabika, vizazi na vizazi, bila daftari wala mtunza daftari. Hakuna aliyewahi kuuliza Sungura alizaliwa mwaka gani. Si tunajifunga wenyewe kwa ukarani? Hadithi ni kitu hai.

---

Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na nilitamani iletwe mapema.

Hadithi za Sungura zinadumu bila daftari kwa sababu kila moja inaanza upya. Fisi anakufa jioni hii, kesho yupo, na hakuna mtoto anayelalamika. Wasimulizi wote wanashika mambo machache tu: Sungura ni mjanja, Fisi ni mroho, Simba ana nguvu. Ukikaa ndani ya hayo, mengine yote ni yako. Huo nao ni utaratibu, tena mgumu sana kuuvunja. Jaribu kusimulia Fisi mwenye kiasi uone wasikilizaji watakavyokushangaa.

Na wapo waandishi wa leo waliochagua njia hiyo kwa makusudi. Mradi wa SCP Foundation, wa hadithi za kutisha za mtandaoni, ulioanza mwaka 2007 kwa andiko moja la mtu asiyejitaja, sasa una maelfu ya maandiko ya watu tofauti, na msimamo wao ni kwamba hakuna toleo moja rasmi la ulimwengu wao. Kila msomaji na kila mwandishi anachagua vipande anavyovikubali. Wanaweza kwa sababu kipande kimoja kinaweza kusomwa peke yake kikaeleweka.

Kwa hiyo swali la kwanza la kikundi chochote, kabla hata ya daftari, ni hili: sura yangu inategemea matokeo ya sura yako, au haitegemei? Kama haitegemei, fuateni njia ya Sungura, andikeni mambo matano au sita yasiyobadilika, basi. Kama inategemea, yaani aliyekufa kwako amekufa na kwangu, na deni lililokopwa sura ya tatu linadaiwa sura ya ishirini, hapo daftari halikwepeki. Wanaoumia ni wale wasiojiuliza. Nusu ya kikundi inaandika kama wasimulizi wa Sungura, nusu nyingine inaandika riwaya moja ndefu, na kila upande unaona mwenzake mzembe au mkorofi.

---

Kalamu Nzito

Hapo nimekuelewa. Naondoa pingamizi, nabaki na tahadhari.

---

Binti Wino

Naomba niongeze mfano ninaoupenda sana. Charlotte, Branwell, Emily na Anne, watoto wa familia ya waandishi ya Brontë kule Uingereza, walianza kujenga ulimwengu wao mwaka 1826, baba yao alipomletea Branwell askari wa kuchezea wa mbao. Wote wanne walikuwa ndani yake. Branwell alichora ramani, wakaandika vitabu vidogo vyenye herufi ndogo kiasi kwamba mtu mzima hupata shida kuzisoma. Baadaye wakagawanyika: Charlotte na Branwell wakabaki na falme zilizokuja kuitwa Angria, Emily na Anne wakajitoa wakaunda kisiwa chao, Gondal.

Angalieni sasa kilichofuata. Maandishi mengi ya Charlotte na Branwell yapo mpaka leo. Ya Gondal, masimulizi yote ya nathari yamepotea. Yamebaki mashairi, ambayo wahusika wake wanaitana kwa majina na kulia misiba ambayo hatukusimuliwa ilivyotokea. Watafiti wamehangaika kuyapanga ili wapate hadithi iliyokuwa nyuma yake. Na moja ya vitu vinavyowasaidia ni orodha ya majina ya mahali ambayo Anne aliiandika kwa mkono wake ndani ya kitabu cha jiografia cha nyumbani, pamoja na maelezo mafupi ya kila mahali. Orodha tu! Bila hiyo tusingejua hata kwamba Gondal ni kisiwa cha Pasifiki ya Kaskazini na kwamba kulikuwa na kisiwa kingine, Gaaldine, Pasifiki ya Kusini.

Hili la orodha ya majina naliona ni la kwanza kabisa. Majina na tahajia zake. Mwenzenu mmoja akiandika Shegea na mwingine Shegeya, msomaji atadhani ni mito miwili.

---

Mleta uzi

Dada Binti Wino, ahsante sana. Hata mimi naanza na majina. Tena ningeongeza: angalieni herufi za mwanzo. Waandishi watano wakiwa na Mwinyi, Mwanzi, Mwita na Mwasi katika mji mmoja, msomaji amepotea kabla ya sura ya pili. Kila anayetaka kumpa mtu jina apitie orodha kwanza.

---

Mgeni wa Uandishi

Samahani wakuu, mimi mgeni. Tupo wanne, tumeandika sura saba, hatuna daftari lolote. Sasa tunarudi nyuma kuandika kila kitu? Tuanzie wapi? Tukiandika kila kiti na kila kikombe hatutamaliza.

---

Mleta uzi

Ndugu, karibu. Msiandike viti na vikombe. Baada ya majina, anzeni na wakati, kisha umbali. Ukichunguza migongano mingi inayovunja hadithi utakuta imetoka hapo: mtu yupo mahali ambapo hawezi kuwa amefika, au anajua jambo ambalo halijatokea.

Wakati. Chukueni tukio moja ambalo kila mtu katika ulimwengu wenu analikumbuka, liwe mafuriko, vita au kutawazwa kwa mtu, mlifanye kuwa mwaka wa sifuri. Kila kitu kingine kihesabiwe kabla au baada yake. Wahusika nao: andikeni mwaka wa kuzaliwa, msiandike umri. Umri unabadilika kila sura, na mwandishi akikuta kwenye daftari kwamba Bi Rehani ana miaka 40 hawezi kujua ni arobaini ya sura ya kwanza au ya kumi na mbili ambako imeshapita miaka sita. Mkiandika kwamba alizaliwa miaka 34 kabla ya mafuriko, kila mwandishi atajumlisha mwenyewe. Na mara nyingi ndipo mtakapogundua kwamba kwa hesabu hiyo alimzaa mwanawe wa kwanza akiwa na miaka tisa. Ni bora mgundue ninyi kuliko msomaji.

Mwezi nao msiudharau. Kama ulimwengu wenu una mwezi kama wetu, kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni takriban siku 29 na nusu. Waandishi wanapenda mbalamwezi. Kila tukio la usiku linapewa mwezi mpevu. Ukipanga sura saba za waandishi wanne unaweza kukuta miezi mipevu mitatu ndani ya wiki mbili. Basi ingizo moja tu, *sura ya 3, usiku wa mwezi mpevu, siku ya 12 baada ya mazishi*, linatosha kuwaongoza wote.

Umbali. Hapa sitaki ramani nzuri, nataka ramani ya kweli. Duara kwa kila mahali palipotajwa, mstari kati yake, na juu ya mstari siku za safari. Siku, maana wahusika wanasafiri kwa siku. Kilomita ziwasaidie ninyi kukagua. Mtu mzima mwenye afya anayetembea kwa njia nzuri huenda kilomita tano hivi kwa saa, na akiwa na mzigo na mapumziko, kilomita 25 hadi 30 kwa siku ni kazi ya kutosha. Msafara wenye watoto na wagonjwa utaenda nusu ya hapo. Mwandishi mmoja akisema kutoka Kandawili hadi bandarini ni siku sita, ameshasema ni kama kilomita 150, na habari ya kifo cha mfalme haiwezi kufika bandarini jioni ileile. Isipokuwa mna njiwa, minara ya moto au uchawi, na kama mnao, kasi ya vitu hivyo nayo iingie kwenye daftari siku hiyohiyo, kwa sababu kuanzia hapo kila msomaji atauliza kwa nini havikutumika sura iliyotangulia.

Kwa sura saba mlizonazo, gawaneni. Kila mmoja asome sura ambazo HAKUZIANDIKA na atoe maingizo yake. Mwandishi wa sura anasoma alichokusudia. Mwenzake anasoma kilichoandikwa.

---

Mgeni wa Uandishi

Hilo la kusomeana limeniingia. Na tuandike wapi? Sasa hivi kila kitu kipo kwenye kundi letu la ujumbe.

---

Mleta uzi

Kundi la ujumbe ni pa kuongea, hapafai kuwa kumbukumbu. Uamuzi mliofikia jana umeshafunikwa na salamu za leo. Faili moja la pamoja la mtandaoni linatosha kwa kuanzia, lahajedwali (spreadsheet) ikiwezekana, kwa sababu mnaweza kuipanga kwa sura, kwa mhusika au kwa mwaka. Mkikua, tovuti ya wiki (wiki kama ya Wikipedia, si wiki ya siku saba) ni nzuri zaidi. Ward Cunningham alipoweka wiki ya kwanza hewani mwaka 1995, wazo lake lilikuwa kurasa ambazo mtu yeyote anaweza kuzihariri na kuziunganisha, na wiki za siku hizi zinahifadhi historia ya kila badiliko: nani, lini, kabla ilikuwaje. Kwa kikundi cha waandishi hilo ni hazina, maana migogoro mingi inaisha mkifungua historia ya ukurasa.

Ila chombo chochote bila mtu mwenye dhamana hakisaidii. Mchagueni mmoja awe mtunza daftari. Si mkubwa wa hadithi, hana haki ya kukataa sura kwa sababu haipendi. Kazi yake ni kuhakikisha sura ikikubaliwa, maingizo yake yameingia kabla sura inayofuata haijaanza kusomwa. Wenye filamu wana mtu wa kazi hiyo kabisa, anayeandika kila tukio: mkono upi ulishika barua, mshumaa ulikuwa umebaki kiasi gani, kwa sababu tukio la kwanza na la pili yanaweza kupigwa picha yakiwa yamepishana kwa wiki tatu. Mwandishi wa kikundi yuko katika hali ileile.

---

Mchora Ramani

Wakuu, nimekuwa mtunza daftari wa kikundi chetu kwa muda mrefu, niongeze kitu kimoja ambacho hakijatajwa: jedwali la siri.

Pembeni, kushuka chini, ni majina ya wahusika; juu, kwa mlalo, ni siri kubwa za hadithi. Kwenye kila kisanduku unaandika sura ambayo mhusika huyo alijua siri hiyo. Kisanduku kitupu maana yake hajui. Kwenye kikundi hili ni muhimu mno, kwa sababu waandishi wote tunajua kila siri, na mikono yetu inasahau kwamba wahusika hawajui. Mtu anaandika mazungumzo matamu, anamfanya kijana amwite mama yake mlezi "mama mlezi," na kumbe kijana anaambiwa ukweli huo sura tano mbele. Neno moja tu limetoboa hadithi nzima.

Jambo jingine: sisi tuna ukurasa wa mambo yaliyoachwa wazi MAKUSUDI. Nini kipo ng'ambo ya msitu, nani baba wa yule mtoto, moto wa zamani uliwashwa na nani. Tumekubaliana hakuna anayejibu bila wote kukaa. Bila ukurasa huo, mwandishi mpya anaona pengo, kwa nia njema kabisa analiziba, na hazina ya wote imetumika kwenye aya moja ya pembeni.

---

Mleta uzi

Mkuu Mchora Ramani, ukurasa wa mapengo nauchukua hivyohivyo ulivyo. Unajibu pia hofu ya Kalamu Nzito: daftari linaweza kulinda uhuru.

---

Msomaji Mkali

Sasa tuzungumze ukweli. Migongano itatokea tu, daftari au bila daftari. Imeshachapishwa, wasomaji wameshasoma. Mnafanyaje? Maana nimeona vikundi vikifuta sura kimyakimya usiku, asubuhi msomaji anajiona mwendawazimu.

---

Mleta uzi

Hapa ndipo penye utamu, na ninashukuru umepagusa.

Kufuta kimyakimya nakupinga kwa nguvu zote. Msomaji aliyekumbuka kwamba daraja lilivunjika ndiye msomaji bora mliye naye. Amewasoma kwa upendo kuliko mlivyojisoma wenyewe. Mkimfanya aonekane ameota, mmemwadhibu kwa kuwajali. Kama ni lazima kubadilisha maandishi, badilisheni na muache maelezo mafupi juu ya sura: aya fulani imerekebishwa, daraja sasa limetajwa kama kivuko.

Lakini kabla ya kubadilisha, jiulizeni mgongano huo una uzito gani. Rangi ya mlango haina haja ya mkutano. Chagueni moja, iingie daftarini, endeleeni. Mgongano wenye uzito ni ule ambao mtu akiufuata, uamuzi wa mhusika fulani unakosa maana. Mhusika alizunguka siku mbili kwa sababu daraja halipo, kisha mwingine amelivuka usiku huohuo. Hapo aliyezunguka amegeuzwa mjinga bila mwandishi wake kukusudia.

Mgongano wa namna hiyo, mara nyingi, unaweza kuwa hadithi. Ndiyo maana nililalamikia mwanzoni suala la nani kasema. Kama daftari linaonyesha kwamba habari ya kuvunjika kwa daraja ilitoka kinywani mwa mwenye kivuko, basi mnalo jibu zuri kuliko kosa lenyewe: mwenye kivuko anasema uongo. Kila msafiri anayeamini daraja limevunjika anamlipa yeye. Tayari mna tamaa, mna njama, mna mtu atakayegundua, na msomaji aliyeona mgongano anajiona alikuwa wa kwanza kunusa. Lakini kama msimulizi mwenyewe ndiye aliyesema daraja lilisombwa na maji, mlango huo umefungwa. Msimulizi wa nje akianza kusema uongo bila sababu, hakuna kitakachoaminika tena.

Njia nyingine ni kulijaza pengo lililo katikati. Daraja lilivunjika, likajengwa tena la kamba. Nani alilijenga, kwa nini hakutangaza? Hii inafaa pale ambapo muda uliopita kati ya sura mbili unaruhusu, na ndiyo sababu nyingine ya kuhesabu siku.

Ninachowasihi msikitumie ni ndoto, mhusika kuamka na kukuta yote hayakutokea. Inatatua mgongano mmoja na kuua thamani ya kila sura iliyotangulia.

Na upo wakati ambapo mzigo umekuwa mkubwa kuliko uwezo wa kuubeba. Star Wars, ulimwengu wa filamu na vitabu vya vita vya anga, walikuwa na mtu maalumu, Leland Chee, aliyetunza kanzidata ya ulimwengu wao tangu mwaka 2000, na bado, mwaka 2014, kampuni ilitangaza kwamba riwaya na hadithi nyingi za miaka mingi iliyopita hazitahesabiwa tena katika mwendelezo rasmi. Hazikufutwa. Ziliwekwa chini ya jina tofauti, Legends, zikaendelea kuchapishwa, na ulimwengu rasmi ukaendelea bila kubanwa nazo. Wapo wasomaji walioumia, na nawaelewa, walikuwa wameishi humo. Lakini walitangaziwa mchana kweupe, na vitabu vyao vilibaki rafu ileile.

---

Msomaji Mkali

Mwenye kivuko muongo! Hiyo ningeisoma.

---

Kalamu Nzito

Nimerudi. Suala la watu wapya. Kila anayejiunga anakuja na mhusika wake: mpiga panga hodari, mganga, binti wa siri wa mfalme. Mji wa watu mia tano una waganga kumi na moja sasa. Mnazuiaje?

---

Mleta uzi

Mkuu, kuna mfano unaofanana na mji wako huo. Eric Flint mwaka 2000 alitoa riwaya ambayo mji mdogo wa Marekani unahamishwa ghafla na kutupwa katikati ya Ujerumani ya mwaka 1631. Baadaye aliwafungulia milango wasomaji waandike hadithi ndani ya ulimwengu huo. Sasa fikiria ugumu wake: mji ulikuja na watu wake maelfu machache, basi. Hakuna mwingine atakayetoka karne ya ishirini. Kila mwandishi akijiundia fundi umeme wake, mji utajaa mafundi ambao hawakuwemo. Wakatunza orodha ya wakazi, familia kwa familia, na anayetaka mhusika kutoka mjini anatafuta ndani ya orodha.

Kandawili nayo ifanyieni hivyo. Amueni mji una watu wangapi, kisha kwa kila kazi adimu amueni idadi: waganga wawili, mhunzi mmoja, anayejua kusoma lugha ya kale mmoja naye kipofu. Mwandishi mpya akitaka mganga, amchukue mganga ambaye hajapewa jina bado, au aandike jinsi mmoja wa waliopo anavyokufa na mwanafunzi wake kurithi mkoba. Kizuizi hicho kinazaa hadithi kuliko ruhusa.

---

Binti Wino

Swali langu la mwisho, na linanigusa. Mwenzetu mmoja amejitoa kwenye kikundi kwa amani kabisa, ila anasema anaondoka na wahusika wake wote. Mmoja wao ndiye aliyeshika funguo za mji kwenye hadithi. Tunafanyaje?

---

Mleta uzi

Dada, pole. Hili lilitakiwa kuandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari kabla ya sura ya kwanza, na kwa kikundi kipya chochote kinachosoma hapa, liandikeni leo.

Kuna njia mbili zinazojulikana. Moja ni ya kila mtu kumiliki alichoumba: katika mfululizo wa Wild Cards, unaochapishwa tangu 1987 chini ya uhariri wa George R. R. Martin, waandishi wanamiliki wahusika wao, na mwenzako akitaka kumtumia wako mnakubaliana. Nyingine ni ya SCP niliyoitaja juu: kila andiko linatolewa kwa leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kulitumia na kuliendeleza, mradi amtaje mwandishi na naye atoe kazi yake kwa masharti hayohayo. Leseni hiyo ikishatolewa hairudishwi, hata mwandishi akiondoka.

Ninyi hamkuandika makubaliano yoyote, kwa hiyo msimlazimishe. Kaeni naye akiwa bado yupo kwa amani, mwombeni mambo mawili kwa maandishi. Kwanza, sura zilizokwisha kuchapishwa zibaki zilivyo na jina lake juu yake. Pili, awaandikie yeye mwenyewe tukio moja la kuondoka: mhusika wake anamkabidhi mtu mwingine funguo na kutoka mjini kwa njia ya bandarini. Akikubali, ingizeni daftarini sura, aya, siku ngapi baada ya mafuriko, na nani alishuhudia makabidhiano. Akikataa la pili, andikeni ninyi kwamba funguo zimekutwa mezani asubuhi, mhusika hayupo, na mtoke hapo. Jina la mhusika huyo litajwe na wengine, lakini asiongee tena wala asionekane, maana sauti yake si yenu.